Maeneo mawili, yote yametulia: kilimani au bondeni kwa familia ya watu sita?

#1 Kiota
Wakuu, salaam. Tunachagua kati ya maeneo mawili ya makazi. Yote ni mitaa ya familia, yote yametulia, na tofauti ya bei ni ndogo mno kutuamulia. Tuko sita: wazazi wawili, watoto watatu (mdogo chekechea, mkubwa anaingia sekondari) na bibi ambaye magoti yanamsumbua.

La kwanza liko kilimani. Hewa nzuri, viwanja vipana, barabara ya ndani haina njia ya kupita kwenda kwingine. Maji ya bomba yanafika ila yanatoka kwa unyonge. La pili liko bondeni, tambarare, shule ya msingi inafikika kwa miguu, maji yana nguvu. Tatizo, nyumba nyingi za huko zina alama ya unyevu chini ya kuta, kama sentimita 60 kutoka sakafuni, na plasta imebabuka. Wenyeji wanasema ni chumvi ya udongo tu.

Mnaojua haya mambo, mngechagua lipi? Na hiyo alama maana yake nini?

#2 Nondo12
Chumvi haipandi ukutani yenyewe, inabebwa na maji. Maji ya ardhini hunyonywa na matofali kupitia vitundu vidogo, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma plasta mpaka inabanduka. Kwa kawaida hayavuki mita moja hadi moja na nusu, kwa hiyo sentimita 60 ni humo humo.

Mara nyingi chanzo ni tabaka la kuzuia unyevu, ile DPC ya mafundi, kutowekwa kabisa. Au iliwekwa, halafu mwenye nyumba akajaza udongo na kumwaga zege uani mpaka akaifunika. Inatakiwa ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Nenda na tepu ya kupimia, pima kutoka ardhini hadi usawa wa sakafu ya ndani. Ukikuta ua uko juu kuliko sakafu, jibu umeshalipata.

#3 Mkondo
Nondo12, hujamuuliza swali la kwanza: huo mstari umenyooka au unapanda na kushuka? Unyevu unaotoka ardhini huacha ukingo wa mawimbi kwa sababu matofali hayanyonyi sawa. Mafuriko huacha mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa pima maji.

Halafu sakafu za nyumba hazilingani. Kama kila nyumba ina alama sentimita 60 juu ya sakafu yake, hata ile iliyojengwa juu zaidi, hayo si mafuriko. Kama usawa ni mmoja mtaa mzima, yaani nyumba ya chini ina alama kiunoni na ya juu ina alama kwenye kifundo cha mguu, basi maji yaliingia hapo na kusimama. Usiangalie ukuta wa ndani peke yake, hupakwa rangi mpya mpangaji akihama. Angalia uzio, kutu ya mageti inaanzia wapi, mashina ya miti, nguzo. Angalia soketi za umeme: zikiwa juu kuliko kawaida mtaa mzima, wenyeji wanajua wanachokikimbia.

#4 Chokaa
Kuna la tatu hamjaligusa: mvua inayodunda. Paa lisilo na gata humwaga maji kwenye zege la nje, matone yanaruka na kulowesha ukuta. Hii huishia kama sentimita 30, kwa hiyo peke yake haifikishi 60, lakini juu ya ukuta ambao tayari unanyonya inatosha kabisa.

La nne ni hewa ya ndani. Chumba kimefungwa, watu wengi wamelala, mvuke wa jikoni umejaa, kisha unagandia sehemu ya ukuta iliyo baridi kuliko nyingine. Dalili yake ni ukungu mweusi nyuma ya kabati na kwenye kona, mara nyingi bila plasta kubabuka.

Kutofautisha: chukua karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kata sentimita 30 kwa 30. Kausha uso wa ukuta, ibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne pasibaki upenyo wa hewa, iache siku moja hadi mbili. Ukibandua, maji yakiwa upande uliogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba. Ukiikuta kavu pande zote wakati wa kiangazi usishangilie, rudia mvua zikikaribia kuisha, ndipo maji ya ardhini huwa juu.

#5 Kiota
Shukrani wakuu. Nilichokiona mpaka sasa: nyumba mbili zina mstari wa mawimbi, ya tatu umenyooka. Gata hakuna hata moja. Kwenye uzio sikuangalia.

#6 Mkondo
Hiyo ya tatu ndiyo ya kurudia. Uliza ilijengwa lini ukilinganisha na zile mbili.

#7 Nondo12
Au ilipigwa plasta ya saruji nzito hadi usawa huo na fundi akakata mstari kwa rula. Plasta ya namna hiyo huzuia ukuta kupumua, unyevu unapanda mpaka unapotokea juu ya kiraka, na ukingo unaonekana umenyooka. Mkondo usimharakishe mwenzio kwenye mafuriko.

#8 Sikio la Usiku
Mleta mada, umesema yote yametulia. Saa ngapi? Wengi huenda kuangalia nyumba saa nne asubuhi siku ya kazi, watoto wako shule na watu wazima kazini. Mtaa wowote duniani umetulia saa hiyo.

Nenda mara tatu. Saa 12 asubuhi siku ya kazi, usikie injini zinazowashwa na mbwa. Muda shule inapofunga. Na usiku saa 5 mwishoni mwa wiki, kwa ajili ya muziki, ibada za usiku na jenereta. Kila mara simama chumba cha kulala, dirisha wazi, dakika kumi bila kuongea. Programu ya simu ya kupima sauti inaweza kukosea desibeli kadhaa, kwa hiyo usiiamini namba yenyewe, itumie kulinganisha tu: simu ile ile, urefu ule ule, maeneo yote mawili. Kama unataka kipimo cha kushikilia, Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, lilipendekeza mwaka 2018 kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45 nje ya nyumba.

Na umbali usikudanganye. Chanzo kimoja, mfano spika ya baa, ukizidisha umbali mara mbili unapunguza desibeli 6 hivi. Barabara kuu ni mstari mrefu, ukizidisha mara mbili unapunguza 3 tu. Ndiyo maana barabara ya mbali inasumbua kuliko baa ya mbali.

#9 Mkondo
Hapo kilimani ndipo pabaya, watu hawaamini. Bondeni nyumba ya mbele inakukinga. Kilimani hakuna kinachokatisha kati yako na barabara iliyo ng'ambo, na usiku wa anga tulivu hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti hupindishwa kurudi chini na kusafiri mbali. Mchana kimya, usiku unahesabu malori.

#10 Mwanzi
Si wapande miti? Mstari wa miti mirefu kwenye uzio unaua kelele zote.

#11 Sikio la Usiku
Mwanzi, hapana. Mstari mmoja wa miti unaficha barabara machoni, masikioni haubadilishi kitu. Unahitaji msitu mnene wa karibu mita 30 kwenda ndani ili upate desibeli 5 au zaidi kidogo. Ukuta mzito usio na matundu, ukiwa juu kiasi cha kukatisha mstari wa moja kwa moja kati ya sikio na tairi, unakupa hizo 5 peke yake. Na kilimani ukuta huo utabidi uwe mrefu mno, kwa sababu dirisha linaangalia chini.

#12 Mwanzi
Miti yangu nitaipanda kwa kivuli basi.

#13 Koki Tatu
Turudi kwenye maji. Kilimani wengi husema "presha ndogo" na kuishia hapo, kumbe kuna magonjwa mawili tofauti.

Funga koki zote za nyumba, weka geji ya presha kwenye bomba la nje, soma usiku wa manane na usome tena saa moja asubuhi. Kila mita 10 za kupanda zinakula takriban bar moja. Bondeni wakiwa na bar 4 na wewe uko mita 30 juu yao, umebakiwa na moja, na hakuna fundi wa kuirudisha. Huo ndio ugonjwa wa kimo. Lakini kama geji inasoma vizuri koki zikiwa zimefungwa, halafu inaporomoka ukifungua moja, tatizo ni njia: bomba jembamba, kutu ndani, chujio la mita limeziba, au koki ya mtaani imefunguliwa nusu. Hilo linatibika.

Huna geji? Ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa dakika mbili, ni lita 10 kwa dakika, bafu moja linaridhika. Ikichukua dakika sita, sahau kuoga mtu akiwa jikoni.

#14 Kivuli cha Paa
Tangi juu ya paa linamaliza yote hayo. Mnamtisha mwenzetu bure.

#15 Koki Tatu
Linamaliza uhaba, presha bado. Tangi likiwa mita 3 juu ya bomba la bafu unapata bar 0.3. Kwa ndoo na sinki sawa, kwa hita za papo kwa papo na mashine nyingi za kufua haitoshi, utaongeza pampu.

Hesabu yake: watu sita, lita 100 kila mtu, ni 600 kwa siku. Akiba ya siku tatu ni 1,800, nunua la 2,000. Likijaa lina uzito wa tani mbili, kwa hiyo haliwekwi kwenye mbao za kenchi, linajengewa mnara wake. Njia nzuri zaidi kilimani ni tangi chini linalojaa usiku polepole kwa boya, kisha pampu ndogo inasukuma kwenda la juu, na swichi ya kuizima maji yakiisha chini, la sivyo itazunguka kavu na sili zitaungua. Pampu isiunganishwe moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Inavuta maji ya jirani, na penye ufa inanyonya uchafu wa udongoni.

#16 Dada Mizani
Mmejaza uzi mabomba na bibi mmemwacha mlangoni. Kwake mteremko ndio wa kwanza. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1.2 na pima maji. Ulaze njiani kufuata mteremko, inua ncha ya chini mpaka ulale sawa, pima pengo chini ya ncha hiyo. Sentimita 10 ni moja kwa 12, ndio ukomo unaotumika sana kwa njia za viti vya magurudumu. Zaidi ya hapo, mwenye magoti mabovu atashuka mara moja kwa wiki, baadaye hatashuka. Kushuka huumiza goti kuliko kupanda, kwa hiyo usimpime kwa jinsi anavyopumua akipanda.

Kwa watoto, shule kufikika kwa miguu haitoshi, hesabu barabara wanazovuka na mwendo wa magari. Gari la kilomita 30 kwa saa linasimama ndani ya mita 13 au 14 tangu dereva aone hatari, lami ikiwa kavu. La 50 linahitaji karibu mara mbili, mita 27 au 28. Tambarare ya bondeni inawapa madereva hamu ya kukanyaga mafuta. Simama pale watakapovukia, saa watakayovukia, uangalie kama kuna tuta na kama dereva anamwona mtoto mfupi nyuma ya gari lililoegeshwa.

#17 Ramani Kuu
Nakubaliana na Dada Mizani kuhusu shule, ila huyu mkubwa wa sekondari ndiye atakayetembea mbali zaidi kuanzia mwaka huu, na sekondari hakuna aliyeiuliza iko wapi.

La pili. Utulivu wa leo ni wa leo. Nenda ofisi ya mipango miji, omba kuona ramani ya matumizi ya ardhi ya maeneo yote mawili. Tafuta vitu vitatu: viwanja vitupu vimepangiwa nini, barabara inayoishia uzioni imechorwa kuendelea au la, na hifadhi ya mto inaishia wapi. Barabara iliyofungwa kilimani inaweza kuwa inasubiri daraja. Na bondeni, kama plasta zenye alama ziko ndani ya hifadhi ya mto, mjadala wa Nondo12 na Mkondo umekwisha, hapo hapanunuliwi.

#18 Mkondo
Haujaisha. Ramani za hifadhi hupima umbali kutoka kwenye kingo, si kimo cha maji. Nyumba iliyo nje ya hifadhi lakini kwenye bakuli bado inajaa kwa mvua ya juu yake yenyewe, kalavati likiziba.

#19 Chokaa
Na karo? Bondeni maji ya ardhini yakiwa juu, shimo la kunyonya halinyonyi. Majaribio yako hivi. Chimba kijishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina 30, kwenye usawa ambao maji machafu yatatokea. Kijaze, kiache usiku kucha, kesho kijaze tena na upime muda wa maji kushuka kutoka robo tatu hadi robo moja, yaani sentimita 15. Kati ya nusu saa na saa nne hivi, udongo unafaa. Chini ya nusu saa ni mchanga unaopitisha uchafu bila kuuchuja. Zaidi ya saa nne karo litafurika mara kwa mara. Kama kuna kisima, kiwe mita 30 kutoka kwenye shimo, na kitako cha shimo kibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Bondeni sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa.

#20 Koki Tatu
Kilimani nako usiseme ni salama. Karo la jirani wa juu linamwaga kuelekea kwako.

#21 Nondo12
Na kilimani kuna udongo unaotembea. Angalia miti iliyopinda kitako ikielekea chini, nguzo zilizoinama upande mmoja, kuta za kuzuia udongo zilizovimba tumboni. Ukuta wa kuzuia udongo lazima uwe na matundu ya kutolea maji na changarawe nyuma yake. Ukikuta hayana hata alama ya kutiririka, labda yamezibwa, na maji yanasukuma kutoka nyuma.

Ndani ya nyumba tafuta nyufa za mshazari kutoka kona za madirisha. Chini ya milimita 5 huzibwa na kupakwa rangi. Zikizidi hapo ita mhandisi kabla ya kulipa chochote. Weka alama mbili za penseli pande zote za ufa, andika tarehe na umbali, urudi baada ya wiki kadhaa.

#22 Waya Mwekundu
Mfupi tu. Pima volti saa mbili usiku kwa mita ya mkononi, nyumba zote. Kwa mfumo wa volti 230, kati ya 207 na 253 ni kawaida. Ukiona 190, uko mwisho wa laini, mbali na transfoma, na kompresa ya friji itakuwa ya kwanza kulalamika. Hilo linakuta kilimani na bondeni sawasawa. Na kwenye ukuta wenye unyevu, soketi ya chini ifunguliwe ukaguzi ufanyike kabla mtoto hajaigusa.

#23 Kiota
Wakuu, nimefanya ya aluminiamu bondeni, nyumba mbili. Ya mstari wa mawimbi: maji upande wa ukuta, mengi. Ile ya mstari ulionyooka: kavu upande wa ukuta, umande kidogo upande wa chumba. Uzio wake una mstari pia, ila uko chini zaidi kuliko wa ndani. Kilimani, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika tano na nusu saa moja asubuhi, na dakika mbili na nusu usiku wa manane. Ubao wa Dada Mizani umetoa pengo la sentimita 14.

#24 Nondo12
Kavu upande wa ukuta! Plasta nzito, nimesema.

#25 Mkondo
Ukuta uliofurika mara moja ukakauka nao unasoma kavu. Na mstari wa uzio kuwa chini ya wa ndani hausemi kitu kama hujui sakafu iko juu ya ua kwa kiasi gani. Pima zote mbili kutoka sehemu moja isiyosogea, mfano mfuniko wa shimo la barabarani, kwa bomba la plastiki linaloonyesha lenye maji ndani, maana maji hukaa usawa mmoja ncha zote mbili. Zikilingana kwa kimo, ni maji yaliyosimama. Zikipishana, nakuachia Nondo12 ushindi kwa nyumba hiyo moja.

#26 Chokaa
Mstari wa uzio unaweza kuwa wa kudunda. Uzio hauna paa.

#27 Koki Tatu
Dakika tano na nusu dhidi ya mbili na nusu ni msongamano asubuhi, kimo hakibadiliki usiku. Tangi la chini la kujaa usiku linatosha kabisa hapo, Kiota, maji yasikufukuze kilimani.

#28 Dada Mizani
Sentimita 14 zitamfukuza bibi. Uliza kama kuna nyumba nyingine eneo hilo hilo la kilimani ambayo geti lake linafungukia upande wa juu wa barabara, pale gari linapofika mlangoni bila ngazi. Eneo moja halina mteremko mmoja, pima mlango kwa mlango.

#29 Ramani Kuu
Na ukipata hiyo, pima upana wa njia ya kuingilia kabla ya yote. Mwongozo wa Uingereza kwa magari ya zimamoto unataka mita 3.7, na mahali pa kugeuzia kama njia imefungwa. Gari la wagonjwa lisilofika getini kwa bibi ni jambo zito kuliko plasta.